SOMO LA ROBO HII: KIBALI, ADA NA KANUNI ZA UJENZI
Jinsi usharika unavyoweza kumsemea mjenzi mdogo kabla sheria ndogo haijapitishwa



 Katika somo hili tunazungumzia jambo linalomgusa karibu kila msharika anayejenga: kibali cha ujenzi, ada zinazolipwa kwa ajili yake, na kanuni ambazo nyumba yake inatakiwa kuzifuata.

Sharika zetu nyingi zilianzishwa vijijini. Leo baadhi yake zimezungukwa na mji bila wenyewe kuhama. Shamba la migomba limekuwa viwanja, njia ya ng'ombe imekuwa barabara, na eneo limetangazwa kuwa la mipango miji. Tangu siku hiyo, mama mjane anayeongeza chumba kwa mkopo wa VICOBA anadaiwa kibali sawa na tajiri anayejenga ghorofa. Asipokuwa nacho, anaweza kuamka na kukuta alama ya X ukutani. Chumba kile alikijenga kwa miaka minne, mfuko kwa mfuko wa saruji, na kinaweza kubomolewa kwa siku moja.

Lengo la somo

Baada ya kujifunza somo hili, kamati iweze:
1. Kutofautisha kanuni inayolinda maisha na kanuni inayomfungia maskini mlango.
2. Kuuliza maswali ya haki kuhusu ada yoyote ya ujenzi.
3. Kujua ada na sheria ndogo hutungwa wapi, na wananchi husikilizwa wakati gani.
4. Kupanga hatua za utetezi na ushawishi kwa amani na kwa kufuata sheria.

Msingi wa Neno

Tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Hapo Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari ya juu, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Hii ni kanuni ya ujenzi, tena yenye sababu iliyo wazi. Inataja hatari, inataja kinga, na haimwagizi mjenzi atumie jiwe la aina gani.

Kisha tusome Hesabu 27:1-11. Binti watano wa Selofehadi walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote. Walieleza kuwa utaratibu wa urithi uliokuwepo ungelifuta jina la baba yao. Hawakufanya fujo wala hawakunung'unika hemani mwao. Walifika mahali pa maamuzi, wakasema shida yao kwa hoja, na Bwana akasema wana haki. Utaratibu ukabadilika, na si kwao peke yao bali kwa kila familia ya Israeli iliyokuwa katika hali kama yao.

Maandiko haya mawili ndiyo mizani ya somo letu. La kwanza linatufundisha kuheshimu kanuni inayookoa uhai. La pili linatufundisha kufika mlangoni.

Kanuni zina kazi yake

Wengine husema, "Tuachwe tujenge tunavyojua, baba zetu walijenga bila kibali." Tusiwafuate huko. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafariki. Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya ishirini. Si maghorofa tu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za kawaida za familia. Ukuta uliounganishwa kwa tope, usiofungwa lenta, hauna cha kuushikilia ardhi inapotikisika.

Kwa hiyo msingi imara, lenta, umbali wa choo kutoka kisimani, na nafasi ya gari la zimamoto kupita ni mambo ya kutetewa. Utetezi wetu hauondoi ulinzi huo.

Lakini zipo pia kanuni zinazotaja vifaa vya gharama au ukubwa wa kiwanja bila kuonyesha hatari inayozuiwa. Matokeo yake ni kwamba mwenye kipato kidogo hawezi kuzifuata hata akitaka. Majirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo. Kanuni zao za ujenzi za mwaka 1968 zilifuata mtindo wa Uingereza. Mwaka 1995 zilitoka kanuni zilizorekebishwa, zilizojulikana kama Code 95, na mji wa Nakuru ukawa miongoni mwa miji ya kwanza kuzifanyia kazi. Badala ya kuulizwa ukuta umejengwa kwa kitu gani, mjenzi aliulizwa kama ukuta unasimama, unazuia mvua na unastahimili moto. Kwa njia hiyo tofali la udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo likapata nafasi ya kukubalika. Shirika la kiraia lililojulikana wakati huo kama ITDG lilishirikiana na serikali na wajenzi katika kazi hiyo. Halikuomba usalama upunguzwe. Liliomba usalama upimwe kwa namna ambayo maskini pia anaweza kufaulu.

Hilo ndilo swali la kwanza la kamati kuhusu kanuni yoyote: inazuia hatari gani, na je, hakuna njia nafuu ya kuizuia hatari hiyohiyo?

Ada: inanunua nini?

Ada nayo ina mizani yake. Halmashauri inahitaji fedha ili mkaguzi afike kwenye eneo la ujenzi, ramani zisomwe, barabara zipimwe na mitaro ichimbwe. Mwananchi akikataa kuchangia kabisa, asilalamike maji ya mvua yakiingia sebuleni. Hata hivyo ada inapaswa kulingana na huduma inayotolewa au mzigo ambao jengo linauleta kwa jamii.

Swali hili haliulizwi hapa kwetu tu. Dayosisi nyingi za KKKT zina sinodi rafiki huko Marekani, na wasomaji wetu wa upande huo wanalifahamu vizuri. Huko vyama vya wajenzi wa nyumba ni vya siku nyingi. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1942. Kazi yao kubwa mojawapo ni kuhudhuria vikao vya serikali za mitaa ada na kanuni zinapojadiliwa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika mashauri ya mwaka 1987 na 1994, iliweka msingi kwamba sharti la kibali lazima lihusiane na mzigo unaoletwa na ujenzi, na lilingane nao. Aprili 2024 ikaamua kuwa msingi huo unahusu pia ada zilizotungwa na mabaraza. Shauri hilo lilianza pale mwananchi mmoja wa California aliyetaka kuweka nyumba ndogo kwenye kiwanja chake alipotozwa dola 23,420 kwa ajili ya barabara. Mahakama haikusema ada zote ni batili. Ilisema ada ipimwe, kisha ikarudisha shauri lisikilizwe tena California.

Sheria za Marekani si zetu, na vyama vile hutetea pia biashara ya wanachama wake. Sisi tunachukua swali tu: ada hii inanunua nini, na kwa nini kiasi hiki?

Hapa Tanzania tumeona kwamba gharama huweza kushuka. Katika urasimishaji wa makazi, kampuni binafsi za upimaji zilikuwa zikitoza hadi shilingi 250,000 kwa kiwanja. Malalamiko yalipozidi, Wizara ya Ardhi chini ya Waziri William Lukuvi iliweka kikomo cha shilingi 150,000. Kiasi hicho bado kilikuwa kizito kwa wengi, lakini familia iliyokuwa itozwe kiasi cha juu kabisa ilibakiwa na shilingi 100,000.

Tufanye hesabu ya mfano, nanyi mtaweka bei za kwenu. Tuseme ramani imechorwa kwa shilingi 300,000, ada ya kibali ni 150,000, na nauli pamoja na siku za kazi zilizopotea kwa kufuatilia ofisini ni 60,000. Jumla ni 510,000. Kama mfuko wa saruji ni shilingi 17,000, hiyo ni mifuko 30. Tukikadiria matofali 30 kwa mfuko, ni matofali 900. Kwa mwenye ghorofa si kitu. Kwa mjane mwenye chumba kimoja na sebule ni sehemu kubwa ya kuta zake. Ndiyo maana wengi huamua kununua saruji kwanza na kuacha kibali, na hapo ndipo alama ya X inapowakuta.

Katika mfano huu, ada yenyewe si mzigo mkubwa kuliko yote. Mzigo mkubwa ni ramani. Kamati isiyofanya hesabu itakwenda kulilia ada peke yake. Kamati iliyofanya hesabu inaweza kuomba halmashauri iwe na ramani chache za nyumba ndogo zilizokwisha kukaguliwa, ambazo mwananchi atazipata kwa bei nafuu. Ombi la namna hiyo halipunguzi usalama, na huenda likaongeza idadi ya wanaolipa ada.

Mlango uko wapi?

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inamtaka mtu aliye katika eneo la mipango kupata kibali kabla ya kuendeleza ardhi. Kwa upande wa ada, nyingi huwekwa kwa sheria ndogo za halmashauri, kwa mamlaka yanayotokana na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982: Na. 7 kwa wilaya, Na. 8 kwa miji, na Na. 9 inayohusu fedha.

Sheria ndogo haishuki kutoka mbinguni. Kwa kifupi njia yake ni hii. Wataalamu wa halmashauri huandaa rasimu. Halmashauri hutangaza kusudio lake na kuwaita wakazi watakaoguswa walete maoni au pingamizi kwa maandishi. Rasimu hujadiliwa katika kamati za kudumu na katika Baraza la Madiwani. Kisha hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, na mwisho hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kwa sheria ndogo za kijiji, Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji hutoa maoni, na halmashauri ya wilaya huidhinisha.

Tazameni vizuri hatua ya pili. Kuna kipindi ambacho sheria yenyewe inamwita mwananchi aseme. Kipindi hicho ni kifupi, na tangazo mara nyingi hubandikwa ubaoni ambapo wachache hupita. Kikimalizika, ada huwa sheria, na anayeipinga hupambana na karatasi iliyokwisha kutiwa saini. Mtu mmoja anayelalamika dirishani baada ya hapo hujibiwa, "Ndiyo sheria, mama." Na karani anayemjibu hivyo hasemi uongo.

Kwa hiyo jambo kubwa la somo hili ni wakati. Fikeni mapema, fikeni pamoja, fikeni na hesabu.

Tunajifunza nini Chamazi?

Mwishoni mwa miaka ya 2000 wakazi wa kata ya Kurasini, Dar es Salaam, walitakiwa kuhama kupisha upanuzi wa bandari. Wapangaji na wenye nyumba ndogo hawakuwa na pa kwenda. Baadhi yao walikuwa tayari katika vikundi vya kuweka na kukopa, chini ya shirikisho la wakazi maskini wa mijini linalosaidiwa na Centre for Community Initiatives. Walinunua ekari 30 huko Chamazi, wakati huo ikiwa pembezoni mwa Manispaa ya Temeke, wakaunda ushirika wa nyumba, na wakajifunza kufyatua matofali wenyewe.

Kikwazo kimoja kilikuwa kiwango cha viwanja. Kwa ukubwa uliotakiwa kwa kawaida, ardhi ile isingetosha familia zote. Wanaushirika walijadiliana na mamlaka waruhusiwe kuwa na viwanja vidogo zaidi, huku wakionyesha mpango wa njia, maji na vyoo. Hawakuvamia na kujenga kisha kuomba huruma. Walikwenda na ramani, orodha ya wanachama na akiba yao. Mradi ulikwenda taratibu, na mikopo na miundombinu vilikuwa na matatizo yake. Lakini unaonyesha kuwa kipimo kilichoandikwa kinaweza kuzungumzwa pale wajenzi wadogo wanapojipanga.

Hatua kwa kamati ya usharika

1. Kusanyeni hesabu. Katika jumuiya zenu, tafuteni kaya kumi zilizojenga karibuni. Andikeni kila kaya ililipa nini, wapi, kwa stakabadhi au bila, na ilisubiri siku ngapi. Msiandike majina kwenye karatasi itakayotoka nje ya kamati.

2. Pateni maandishi ya sheria ndogo inayotumika. Ombeni nakala kwa barua ofisini kwa mkurugenzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa raia haki ya kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30.

3. Gaweni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yanayolinda maisha. Hayo mtayaunga mkono kwa maandishi. Fungu la pili ni yale yanayoongeza gharama bila kinga inayoonekana. Hayo ndiyo mtakayoyajadili.

4. Andikeni ombi moja au mawili, si kumi. Kwa mfano: ada ipangwe kwa ukubwa wa jengo, iruhusiwe kulipwa kwa awamu, nyumba ndogo iwe na ramani ya mfano, muda wa kushughulikia kibali uandikwe na kubandikwa.

5. Pitieni ngazi. Anzeni na mkutano wa mtaa wa serikali (tusichanganye na mtaa wa usharika), kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani. Mwombeni diwani alifikishe katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, au kwa wilaya katika kamati inayohusika na ujenzi. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Hudhurieni, kaeni kwa utulivu, andikeni.

6. Fuateni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti za halmashauri hujadiliwa miezi mingi kabla. Mjumbe mmoja wa kamati apewe kazi ya kupita kwenye mbao za matangazo kila wiki.

7. Shirikianeni na wengine. Msikiti, parokia ya Kikatoliki, chama cha mafundi na vikundi vya akina mama wanalipa ada ileile. Barua yenye mihuri mitano husomwa kwa makini zaidi kuliko ya muhuri mmoja.

Tahadhari

Kamati isimshauri msharika yeyote kujenga bila kibali kwa matumaini kuwa sheria itabadilika. Mpaka ibadilike, iliyopo ndiyo sheria. Kamati isitoe wala kupokea "chai" ili jambo lipite, hata kama aliyeomba ni mtu wa nyumbani kwetu. Jambo hili lisigeuzwe kampeni ya chama chochote. Diwani akisaidia tumshukuru kwa kazi yake, bila kumnadi madhabahuni. Na majengo ya kanisa yawe mfano. Usharika unaojenga ukumbi bila kibali hauna mdomo wa kumsemea mjane.

Neno kwa wafadhili wetu

Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini fedha zitumike kwa semina, nakala za sheria na nauli za kwenda kwenye vikao, wakati zingenunua mabati. Swali ni la haki. Bati humfunika aliyepewa, na tutaendelea kuwapa wasio na paa. Lakini ada ikipangwa vizuri humsaidia kila anayejenga katika wilaya, pamoja na yule ambaye hatutamjua kamwe, na huendelea kumsaidia mradi wetu ukiisha. Tunawaomba mpime kazi hii kwa mambo yanayoonekana: barua zilizopokelewa na kujibiwa, mahudhurio ya vikao, na mabadiliko yaliyoandikwa katika sheria ndogo. Mabadiliko hayo huchelewa, nasi tutawaeleza pia pale ombi litakapokataliwa.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika eneo la usharika wetu, ni wangapi wanaojenga kwa kibali? Wasio nacho wamezuiwa na nini hasa: ada, ramani, hati ya ardhi, au umbali wa ofisi?
2. Tajeni kanuni moja ya ujenzi mnayoona inaokoa maisha. Tutawasaidiaje washarika kuitimiza, kwa mfano kwa kuwafundisha mafundi wetu kufunga lenta?
3. Tajeni ada moja na mjibu: inanunua nini?
4. Binti za Selofehadi walijua mlango wa kwenda. Wajane na vijana wa usharika wetu wanaujua wa kwao? Nani atawasindikiza?
5. Ni nani kati yetu atakayepita kwenye ubao wa matangazo wiki ijayo?

Kamati zitakazokamilisha hatua ya kwanza na ya pili zilete muhtasari ofisi ya miradi kupitia kwa Mkuu wa Jimbo, ili ombi la usharika mmoja liunganishwe na la sharika jirani zilizo katika halmashauri hiyohiyo.

Mungu aliyetupa akili ya kujenga atupe na ujasiri wa kusema kwa wakati wake. Amina.